Kuuma na Kupuliza

Saa kumi na mbili asubuhi, Dundee bado giza,
mto Tay umejikunyata chini ya daraja lake,
nami navaa koti jeupe, glavu, viatu vya mpira,
naingia chumba nambari nne
ambamo panya thelathini na sita wananisubiri
kama wagonjwa kwenye foleni ya kliniki,
ila hawa hawakuomba namba.

Kundi la kwanza hula shayiri na ngano isiyokobolewa,
vidonge vikavu, rangi ya udongo.
Kundi la pili tumewafungulia karamu:
mafuta ya nguruwe, maziwa mazito ya kopo,
maji tuliyoyakoroga sukari
hata chupa zikawa zinanata vidoleni.
Kundi la tatu ndilo la fumbo:
wiki nane za karamu,
kisha, bila kuagwa, shayiri.

"Usiwape majina, Mwanamkuu," Dakta Geddes hunionya.
Nambari kumi na saba nimemwita Bwana Harusi.

Kwetu tunasema panya huuma na kupuliza:
hukutafuna kisigino ungali usingizini,
akapuliza, usisikie.
Humu sijamwona hata mmoja akifanya hivyo.
Mwenye kuuma ni mimi.
Naushika mkia, nachoma ncha,
tone moja, dogo kuliko punje ya ulezi,
nalitia kwenye kipimo,
kisha nabana pamba
na, Mungu anisamehe, napuliza.

Wiki ya kwanza: tano nukta sita.
Wiki ya nne: saba nukta tisa.
Wiki ya nane: kumi na moja kasoro kidogo,
na mizani inasema gramu mia tano na arobaini.
Manyoya yamefifia.
Anakunywa, anakojoa, anakunywa,
maranda ya kizimba yamelowa kabla ya adhuhuri.

Kiu hiyo naijua.
Mama mdogo, kule Chumbageni,
alikuwa akilala na jagi la maji mvunguni,
akisema ni joto tu, ni joto tu,
mwezi wa Julai, watu wamejifunika mashuka.
Tulipomzika, mguu wake mmoja
ulikuwa umetangulia miaka miwili.

Bwana Harusi alipopewa shayiri
aligeuza kibakuli.
Siku ya pili akakigeuza tena,
akasimama kwa miguu ya nyuma, akanitazama
kama mtu aliyedhulumiwa urithi.
Siku ya tatu vilevile.
Ya nne, usiku, nilisikia meno yakifanya kazi.

Wiki ya kumi na mbili: sita nukta nne!
Nilikimbia na karatasi hadi ofisini.
Dakta Geddes akaisoma, akavua miwani.
"Damu husamehe upesi," akasema.
"Mwenye kinyongo ni ini.
Tutalisikia Jumatatu."
Jumatatu ndiyo siku ya kuwapasua.

Chumba cha chai, kopo la Ruaridh li wazi,
biskuti za siagi, nene, zimenyunyiziwa sukari juu.
Nachovya moja. Nachovya nyingine.
Chovya chovya humaliza buyu la asali,
na buyu lenyewe ni mimi,
miaka tisa ya chai vijiko vitatu,
ya chipsi za jioni ndani ya karatasi yenye mafuta,
kwa kuwa kuna baridi, kwa kuwa nimechoka,
kwa kuwa hakuna anayenipikia.

Kesho yake, kabla ya kula chochote,
nilifunga mlango wa chumba nambari nne
nikachukua sindano mpya.
Kidole cha pete. Tone.
Tisa nukta moja.
Nilitazama huku na huku:
panya thelathini na sita,
na hakuna wa kunipulizia.

Usiku huu, Hilltown, upepo unagonga dirisha,
nimepika uji wa shayiri, bila sukari, bila maziwa ya kopo.
Ni siku ya pili.
Bado nakigeuza kibakuli.